Mume wangu Mwingereza anasema Perth hakuna pabu. Shida yake ni nini hasa?

Bint Tanga

Wadau, habari za huko mliko. Naomba mawazo, hasa ya walioishi Uingereza na wale waliowahi kusimama nyuma ya kaunta.

Mimi mtu wa Tanga, mume wangu wa Huddersfield, kule Yorkshire, fundi umeme. Tumehamia Perth, Australia, vitongoji vya kaskazini upande wa Joondalup, ambako Waingereza wamejaa kiasi kwamba dukani unasikia lafudhi za kwao kila upande. Kazi kapata, hela inaonekana, watoto wanashinda baharini. Lakini mwenzangu kanyong'onyea, na kila ukimdadisi jibu ni lile lile: huku hakuna pabu.

Namwambia zipo. Kuna moja kwenye maduka makubwa, si mbali kwa gari. Mlangoni wameweka kibanda chekundu cha simu, ukutani mabasi ya London, televisheni nane zote za mpira. Tukaenda. Binti akatupokea, akauliza tuko wangapi, akatupeleka mezani, akatuachia menyu. Mume wangu akakaa kama anasubiri kung'olewa jino. Akanywa moja, akasema twende zetu. Siku hizi jioni anakwenda kwenye friji la gereji, anafungua kopo, anakunywa kasimama peke yake kando ya mashine ya kukatia majani. Hanywi sana, msinielewe vibaya. Ila kwao sijapata kumwona akinywa peke yake.

Mimi pombe situmii, lakini ile pabu ya mtaani kwao niliipenda. Mama mwenyewe akiniona tu mlangoni anaanza kunimiminia soda na maji ya ndimu, na mbwa wa mtu nisiyemjua anakuja kulala juu ya miguu yangu. Kwa hiyo nusu ya jambo nalielewa. Nauliza hiyo nusu nyingine. Ni bia? Ni Australia? Au ndiyo utu uzima unabisha hodi?

Kijana wa Kwale

Dada, si anunue kreti, awashe mkaa, aite majirani? Huko Australia kila wikendi ni kuchoma nyama. Kesi imekwisha.

Bint Tanga

Tulifanya hivyo. Wakaja, wakala, saa tatu usiku wakaaga. Alifurahi. Kesho yake anaosha vyombo ananiambia, "Watu wazuri, lakini kumwalika mtu ni kazi." Kufika hapo nikaona bora nije kuuliza kwenu.

Mzee wa Kaunta

Dada, shemeji kashakujibu mwenyewe, hapo penye kazi ya kualika.

Nimefanya kaunta ya pabu moja Reading, mji wa England, miaka mingi. Wenye pabu, mtu na mkewe, walipochoka na kodi na baridi wakahamia Hispania, pwani ya Costa Blanca, wakafungua baa, wakaniita niwasaidie msimu wa joto. Kwa hiyo nimewamiminia bia Waingereza kwao na ugenini, na nitasema nilichokiona. Itakuwa ndefu, chukua chai.

Pabu ya Uingereza ya kawaida, ukiacha za kulia chakula, haina mtu wa kukufuata mezani. Unasimama mwenyewe, unakwenda kaunta, unangoja. Foleni haionekani, lakini kila aliyesimama pale anajua nani alimtangulia, na mimi nyuma ya kaunta ndiyo kazi yangu kujua. Ukipunga noti au kupiga mluzi utangoja mpaka ukome. Sasa katika kungoja huko kuna mtu ubavuni kwako. Anaweza kukwambia neno kuhusu mvua, ukamjibu, mkajikuta mmeongea saa mbili. Anaweza pia kunyamaza asome gazeti lake, na hakuna atakayemwona ana kiburi. Nilikuwa na wateja wawili waliosimama kona moja kila Alhamisi, wanataniana, wanajuana magonjwa na timu, lakini mmoja alipolazwa mwenzake akaja kuniuliza mimi jina lake la ukoo ni nani, maana hospitali wanalitaka na yeye halijui.

Hapo hakuna aliyemwalika mwenzake. Hakuna anayepika, hakuna anayesafisha nyumba kwanza, hakuna anayeangalia saa akijiuliza wageni wataondoka lini. Mwingereza, kwa jinsi nilivyomwona, ni mtu mgumu kumfungulia mtu mlango wa nyumba yake. Pabu ndiyo inayomfanyia kazi hiyo. Ukimwondolea, hana sebule nyingine, anabaki na gereji.

Halafu kuna raundi. Mkiwa wanne, mmoja ananunulia wote, kisha mwingine, mpaka mzunguko ukamilike. Hakuna anayeandika, na kila mtu anajua. Tulikuwa na bwana mmoja mwenye suti nzuri ambaye zamu yake ikikaribia anakumbuka kumpigia mkewe simu nje. Miezi na miezi hakuna aliyemsema. Siku moja zamu ikamfikia mtu mwingine, akaagiza tatu badala ya nne, akazibeba mezani. Hakuna aliyetoa sauti. Yule bwana hakuonekana tena.

Hata kunitunza mimi wa kaunta kuna namna yake. Ukiniachia sarafu juu ya kaunta utanitia haya kidogo. Wateja wangu walisema "na yako moja", nami nakata bei ya nusu glasi, naitia kwenye kopo langu, nainywa baada ya kazi au siinywi kabisa. Krispi zikinunuliwa, pakiti inachanwa ubavuni ikatandazwa wazi katikati ya meza, kila mkono unaingia. Ukitoka kwenda msalani unaweka kikadi cha glasi juu ya bia yako, yaani narudi, msiniondolee. Mambo madogo, lakini shemeji anayafanya tangu ana miaka 18, na huko kwenye kibanda chekundu cha simu hakuna hata moja linalohitajika. Binti anayaleta yote mezani.

Bia nayo imo, sitasema haimo. Ile bia yao ya asili inaishi ndani ya pipa, inaendelea kuchacha polepole kwenye chumba cha chini cha nyuzi 11 hadi 13 hivi, na unaipandisha kwa mkono wa pampu. Pipa la kawaida linatoa painti 72, yaani zile glasi zao kubwa za nusu lita na kitu. Ukishalifungua una siku kama tatu kabla haijaanza kuwa siki. Maana yake unahitaji watu wa kutosha wanaokunywa bia hiyo hiyo kila siku. Kiungani Perth, joto nyuzi 38, nani atalimaliza pipa hilo? Ndiyo maana ugenini wanampa ya chupa au ya gesi, baridi ya kuuma meno, anasema haina ladha, na nyie mnadhani anadeka.

Lakini kubwa kuliko bia ni miguu. Huddersfield shemeji alikuwa anakwenda pabu kwa miguu, sivyo? Nina hakika. Nyumba za kule zimebanana kiasi kwamba pabu iko mwisho wa mtaa. Vitongoji vya Perth vimejengwa kwa ajili ya gari, na polisi wa Australia wanaweza kukusimamisha upulize kifaa hata kama hujafanya lolote. England kiwango cha kuendesha ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Australia ni 50. Ukienda kwa gari unakunywa moja huku unapiga hesabu, au unamkalisha mkeo akisinzia ili akurudishe. Pabu ya kuendea kwa gari imeshakuwa mgahawa.

Sasa Hispania. Baa ya bosi wangu ilikuwa na kila kitu cha Reading: zulia, ubao wa vishale, chemsha bongo Jumanne, na Jumapili nyama ya ng'ombe ya kuoka na viazi na mchuzi mzito, mwezi wa Agosti, watu wanatoka jasho mpaka kwenye nyusi. Wateja walikuwa Waingereza watupu, na wastaafu watupu. Wazungumzie nini? Magoti, paundi imeshuka, na nani amekufa. Baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya ikaongezeka hesabu: asiye na kibali cha ukaazi ana siku 90 tu katika kila 180, basi nusu ya kaunta wanahesabu siku kwenye kalenda ya simu. Reading kwenye kaunta ile ile nilikuwa na mzee aliyestaafu reli, vijana wa saruji wenye vumbi, mwalimu wa hesabu na nesi aliyetoka zamu. Kule Hispania hakukuwa na kijana hata wa kumtania.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na baa ya Mhispania mmoja. Meza za plastiki, taa za kuumiza macho, hakuna picha ya basi. Inafunguliwa alfajiri. Mafundi wanasimama kaunta na kahawa, wazee wanagonga domino, akina mama wanapita na vikapu vya sokoni, saa nne usiku watoto bado wanakimbizana kati ya viti. Bia ni kiglasi cha mililita 200 hivi, iishe kabla haijapata moto. Mwenyewe anajua kila mtu anakunywa nini. Pale ndipo palikuwa pabu! Na wateja wangu hawakuingia. Wengine walisema eti Mhispania anaandika deni na kukulipisha mwishoni, hujui zamu ni ya nani. Wengine waliogopa lugha. Bosi wangu mwenyewe, kila asubuhi kabla hajafungua, alivuka barabara kwenda kunywa kahawa kule, na Kihispania chake kilikuwa cha kuhesabu na kusalimia tu.

Kwa hiyo dada, ushauri wangu: acha kumpeleka pabu za Kiingereza. Zilizojengwa zifanane ndizo zitakazomuumiza zaidi. Tafuta mahali penu hapo mtaani ambapo wazee na vijana wanakutana bila kualikana, pa kufika kwa miguu. Australia wana klabu za wale wanaoviringisha matufe kwenye nyasi zilizonyolewa. Kibaoni wameandika Bowling Club. Ndani kuna baa ya bei nafuu inayoendeshwa na wanachama wenyewe.

Mluo wa Deira

Mzee wa Kaunta umeongea ukweli mtupu. Mimi ni Mkenya, nahudumu kwa pub iliyo ndani ya hoteli hapa Dubai. Kwa muda mrefu pombe hapa imekuwa mambo ya hoteli na sehemu zenye leseni, kwa hivyo "pub ya mtaa" haiko kabisa. Unapita kwa mlinzi, kwa mapambo ya maua, kwa lifti, ndio ufike kwa mbao za kahawia na bango la farasi.

Wewe unasema Hispania ni wazee watupu. Hapa wazee hawako! Wengi kibali chao cha kukaa kimefungwa kwa kazi, kazi ikiisha mtu anarudi kwao ama anahamia Singapore. Nimezoea mtu, nimejua kinywaji chake, nikirudi kutoka likizo Kisumu naambiwa alishahama. Hakuna mtu wa kona. Na hakuna anayekuja kwa bahati: wanapangana kwa kikundi cha simu, wanakuja kumi, wanataka meza, wanataka bili igawanywe mara kumi. Kuendesha gari ukiwa umeonja hata kidogo hapa ni makosa, kwa hivyo wote wanaondoka na teksi wakati mmoja.

Raundi imekufa kabisa. Jamaa mmoja wa Newcastle alijaribu kununulia meza nzima mwezi wake wa kwanza. Bei za hapa unazijua. Mwezi wa pili alikuwa anaagiza yake pekee, uso chini.

Mama Adelaide

Dada yangu Bint Tanga, karibu Australia. Mimi ni mtu wa Bukavu, nafanya jikoni kwenye pabu moja hapa Adelaide. Huku nyingi zinaitwa hotel, kwa sababu zamani sheria iliwataka wawe na vyumba vya wageni wa kulala. Usishangae.

Mwambie bwana wako ashukuru yuko Perth. Hapa kwetu akiagiza painti anapewa mililita 425. Nimemwona Mwingereza anainua glasi juu ya taa, anaitazama, anamuuliza kijana wa kaunta nyingine iko wapi. Painti kamili ya 570 inabidi uitaje kwa jina jingine. Tena kwetu pabu nyingi zina chumba cha mashine za kamari, zinapiga kelele usiku wote. Huko kwenu Australia Magharibi mashine hizo ziko kasino tu.

Na kuna hili ambalo wanaume hawalisemi. Pabu za Australia zilikuwa za wanaume. Hapa Adelaide kuanzia 1916 mpaka 1967 zilifungwa saa 12 jioni, mtu anatoka kazini anakunywa haraka haraka kwa saa moja, analewa, anarudi kwa mkewe. Mwanamke hakuingia kaunta. Mwaka 1965 Brisbane wanawake wawili, Merle Thornton na Rosalie Bogner, walijifunga mnyororo kwenye reli ya kaunta ya Regatta Hotel ndipo watu wakashtuka. Kwa hiyo ile ya mama mwenye pabu kukumiminia soda na kukujua jina, mimi nadhani wewe pia unaikosa. Bwana wako peke yake?

Bint Tanga

Mama Adelaide umenigusa. Ndiyo, naikosa. Hapa nikiingia mahali pa pombe na hijabu yangu watu wanadhani nimepotea njia. Kule Huddersfield walishanizoea mpaka wananiweka kwenye timu ya chemsha bongo kwa ajili ya maswali ya jiografia.

Baharia Diani

Naona mmemkamia mzungu wa watu. Mimi nina baa ndogo huku Diani, Waingereza waliohamia wanakuja. Mwanzoni walikaa kwenye mahoteli ya ufukweni. Mmoja siku ya kwanza kwangu, mhudumu akamuuliza kama kawaida, "Baridi ama moto?" Akadhani anataniwa. Dunia nzima wanamcheka kwa kunywa bia isiyo baridi, sasa akaona wazee wa hapa wanaagiza moto bila wasiwasi, na chupa ni ya nusu lita. Hakutoka tena. Anakuja kwa miguu, anakaa na dereva wa tuktuk na fundi makuti, hajui Kiswahili cha maana, anajua zamu ya nani. Shida yake moja tu, akiona mhudumu anakuja mezani anainuka kumfuata kaunta, wanagongana njiani.

Mzee wa Kaunta

Baharia, huyo wako kavuka barabara. Ndicho ninachosema.

Bint Tanga, usimwambie shemeji kwamba ni dawa ya upweke, atakataa. Mwambie kuna bia ya bei nafuu na kuna kitu cha kubishania.

Bint Tanga

Nimemwambia klabu ya matufe, kajibu hiyo ni ya wazee. Nikamuuliza, na yule mzee mliyekuwa mnakaa naye pabu Huddersfield alikuwa na miaka mingapi? Kanyamaza.

Nimechungulia mwenyewe jana nikitoka kumchukua mdogo shuleni. Iko moja tunaweza kufika kwa miguu, mimi sikuwa nimeiona kwa sababu mbele ni ukuta mtupu na maegesho. Ijumaa jioni wana bahati nasibu ya nyama: unanunua tiketi, namba yako ikitoka unaondoka na sinia la chopsi na soseji. Bibi mmoja wa kaunta kaniuliza nakunywa nini. Soda na ndimu ipo. Mume wangu anasema kwao pia kulikuwa na bahati nasibu ya nyama, na kwamba atakwenda Ijumaa kutazama tu. Kaniomba nisiende naye siku ya kwanza. Nimkubalie?

Mzee wa Kaunta

Mkubalie. Siku ya kwanza akiwa na wewe atakaa mezani na wewe. Akiwa peke yake itabidi asimame kaunta.

Wewe nenda siku nyingine, kwa ajili yako. Uliza kama wana chemsha bongo.

Mama Adelaide

Na mtu akimnunulia bia asiondoke kabla hajarudisha. Hilo Waaustralia wanalihesabu kuliko hata hao wa Yorkshire. Akisahau siku ya kwanza, mwaka mzima watamkumbusha.

Kijana wa Kwale

Akishinda hilo sinia, kesi yangu ya kuchoma nyama irudishwe mahakamani.